Jinsi ya Kuunda Nyota ya Nyutroni Ndani ya Kompyuta: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Ukifuata mwongozo huu hadi mwisho utakuwa na programu fupi ambayo ukiipa kanieneo ya kitovuni inakurudishia nyota nzima, tungamo lake na nusukipenyo chake. Utaweza kuijaza nyutroni tupu, au kwaki (chembe ndogo zinazounda nyutroni yenyewe), au jedwali lililoandaliwa na wataalamu wa viini vya atomu, na kila mara uone nyota inavyonenepa, inavyosinyaa, au inavyokataa kusimama.

Huhitaji maabara wala kompyuta ya bei mbaya. Hesabu ya kidato cha sita inatosha, pamoja na Python ya kuanzia. Kama huna kompyuta, fungua Google Colab kwenye simu; kazi yote iliyo hapa inamalizika ndani ya dakika chache. Neno moja kabla hatujaanza: nitasema "kanieneo" kwa kile ambacho wengine huita shinikizo au mgandamizo. Chagua moja ushikamane nalo, usije ukajichanganya katikati ya njia.

Hatua ya 1: Elewa unachokokotoa

Mwaka 1934, miaka miwili tu baada ya James Chadwick kugundua nyutroni, Walter Baade na Fritz Zwicky walipendekeza kwamba nyota kubwa ikilipuka huenda ikabakiza mpira mdogo wa nyutroni. Mwaka 1939 Richard Tolman kwa upande mmoja, na Robert Oppenheimer na George Volkoff kwa upande mwingine, wakachapisha hesabu ya mpira huo. Milinganyo yao ndiyo inayoitwa TOV mpaka leo, kwa herufi za kwanza za majina yao, na ni miwili tu:

dP/dr = −(ε + P)(m + 4πr³P) / [r(r − 2m)]

dm/dr = 4πr²ε

P ni kanieneo, ε ni densiti ya nishati, m ni tungamo lote lililo ndani ya umbali r kutoka kitovuni. Wa pili ni haba na haba hujaza kibaba: kila tabaka jembamba linaongeza kidogo kwenye tungamo. Wa kwanza unasema kwamba kanieneo lazima ipungue kadiri unavyotoka kitovuni, kwa kiasi kile kile kinachohitajika kubeba uzito wa tabaka lililo juu.

Utazame vizuri huo wa kwanza. P imejitokeza upande wa kulia mara mbili. Kwa Newton kanieneo inabeba mzigo tu. Kwa Einstein, kanieneo yenyewe ni nishati, na nishati ina uvutano, kwa hiyo mbebaji naye anaongeza mzigo. Ukiongeza kanieneo ili nyota isiporomoke, unaongeza pia kinachoiporomosha. Ndiyo sababu kuna tungamo la juu kabisa ambalo hakuna nyota ya namna hii inayoweza kulivuka bila kuwa shimo jeusi.

Sasa hesabu visivyojulikana: P, m na ε, vitatu, lakini milinganyo ni miwili. Wa tatu unaitwa mlinganyo wa hali, yaani uhusiano kati ya kanieneo na densiti ya kitu kilichomo ndani. Einstein hana la kusema juu yake. Fumbo lote la nyota hizi limekaa pale, na ndipo tutakapotumia muda wetu mwingi.

Hatua ya 2: Panga vipimo kabla ya kugusa programu

Hapa ndipo wengi wanapozama. Nyota yangu ya kwanza ilitoka na nusukipenyo kirefu kuliko safari ya Dar hadi Mwanza, nikashinda siku mbili nikitafuta kosa kwenye milinganyo. Milinganyo ilikuwa sawa. Nilikuwa nimechanganya kilo kwa mita ya ujazo na jouli kwa mita ya ujazo, nikasahau mraba wa mwendokasi wa nuru kati yake.

Dawa ni kupima kila kitu kwa kilomita. Milinganyo niliyoandika hapo juu tayari imechukulia kwamba G (namba ya uvutano ya Newton) na c (mwendokasi wa nuru) ni 1. Katika mpangilio huo tungamo la Jua ni kilomita 1.4766, na densiti ya nishati pamoja na kanieneo hupimwa kwa kilomita kipeo cha −2. Wataalamu wa viini hupenda MeV (nishati ya elektronivolti milioni moja) kwa femtometa (fm, yaani mita 10⁻¹⁵) ya ujazo, na ubadilishaji ni huu:

1 MeV/fm³ = 1.3238 × 10⁻⁶ km⁻²

Ukikutana na majedwali ya kizamani ya gramu na sentimita, 1 MeV/fm³ ni gramu 1.7827 × 10¹² kwa sentimita ya ujazo ikiwa ni densiti, na daini 1.6022 × 10³³ kwa sentimita ya mraba ikiwa ni kanieneo. Ziandike namba hizi juu kabisa ya faili lako na usiziguse tena. Kwa kulinganisha tu, ndani ya kiini cha atomu ya kawaida densiti ni karibu MeV/fm³ 150. Kitovu cha nyota ya nyutroni huwa mara kadhaa ya hiyo.

Hatua ya 3: Andika programu

Kuna maktaba za Python zitakazokutatulia milinganyo kwa mstari mmoja. Safari ya kwanza ziache. Andika mwenyewe mbinu ya Runge na Kutta ya daraja la nne, inayosonga kwa hatua ndogo ndogo na kupima mteremko mara nne katika kila hatua, ili nyota ikikuharibikia ujue pa kutazama.

```
from math import pi

K = 1.3238e-6     # MeV/fm³ kwenda km⁻²
JUA = 1.4766      # tungamo la Jua kwa km

def mteremko(r, P, m, densiti):
    e = densiti(P)
    dP = -(e + P)*(m + 4*pi*r**3*P)/(r*(r - 2*m))
    dm = 4*pi*r**2*e
    return dP, dm

def nyota(Pc, densiti, h=0.005):
    r = 0.001
    P = Pc*K
    m = 4/3*pi*r**3*densiti(P)
    while P > 1e-10*Pc*K:
        a1, b1 = mteremko(r, P, m, densiti)
        a2, b2 = mteremko(r+h/2, P+a1*h/2, m+b1*h/2, densiti)
        a3, b3 = mteremko(r+h/2, P+a2*h/2, m+b2*h/2, densiti)
        a4, b4 = mteremko(r+h, P+a3*h, m+b3*h, densiti)
        P = P + h*(a1 + 2*a2 + 2*a3 + a4)/6
        m = m + h*(b1 + 2*b2 + 2*b3 + b4)/6
        r = r + h
    return m/JUA, r
```

Tunaanza r = 0.001 na si sifuri kwa sababu mlinganyo wa kwanza unagawa kwa r, na kompyuta haina subira na sifuri. Tunapiga hatua za mita 5 kutoka kitovuni kwenda nje, na tunasimama kanieneo ikiisha, maana pasipo na kanieneo nyota imekwisha. Alama "densiti" ni mlinganyo wa hali. Huo ndio pekee utakaobadilika kuanzia sasa.

Hatua ya 4: Jaribu kwa nyota ambayo jibu lake linajulikana

Usiiruke hatua hii hata ukiwa na haraka ya kwenda kwenye kwaki. Mwaka 1916 Karl Schwarzschild alitatua kwa kalamu nyota yenye densiti ile ile kila mahali. Nyota ya namna hiyo haipo mbinguni, lakini ni mizani nzuri. Kwa tungamo la Jua 1.4 na nusukipenyo cha kilomita 12, densiti inakuwa MeV/fm³ 215.7, na kanieneo ya kitovuni ni mara 0.133 ya densiti hiyo, yaani MeV/fm³ 28.75. Basi andika:

```
def sawia(P):
    return 215.7*K

print(nyota(28.75, sawia))
```

Ukipata 1.40 na 12.0, programu yako ni nzima. Ukipata kingine, rudi kwanza kwenye vipimo, halafu kwenye alama ya kutoa iliyo mwanzo wa dP.

Ukiwa bado hapo, fanya na hili. Kwa Newton, nyota hiyo hiyo ingehitaji kanieneo ya kitovuni ya MeV/fm³ 18.6 tu. Einstein anadai 28.75, zaidi kwa asilimia 55 hivi. Futa P zote mbili na ile 2m kwenye mteremko, endesha tena kwa 18.6, uone kwa macho yako. Kwenye Jua tofauti ya namna hii ni ya sehemu chache kwa milioni, ndiyo maana waunda-nyota wa kawaida wanaishi raha mustarehe bila Einstein. Sisi hatuwezi.

Kuna jaribio lingine la bure. Ongeza kanieneo ya kitovuni ya nyota hii sawia upendavyo, iwe mara kumi au mara elfu. Uwiano wa m na R (nusukipenyo), vyote kwa kilomita, hautafika kamwe 4/9. Huo ni mpaka wa Buchdahl. Ukiuvuka, kosa ni la programu yako.

Hatua ya 5: Rudia kosa la heshima la mwaka 1939

Oppenheimer na Volkoff waliijaza nyota yao nyutroni zisizogusana kabisa. Kinachozuia mporomoko hapo ni kanuni ya Pauli: nyutroni mbili hazikubali kukaa katika hali moja, kwa hiyo ukizibana zinalazimika kukimbia kasi zaidi. Chukua x kuwa momenta kubwa kabisa ya nyutroni ikigawanywa kwa mc (hapa m ni tungamo la nyutroni moja), na s kuwa kipeuo cha pili cha 1 + x². Kwa MeV/fm³:

ε = 1284.6 [x s (2x² + 1) − asinh x]

P = 428.2 [x s (2x² − 3) + 3 asinh x]

Tengeneza jedwali la x kuanzia 0.005 hadi 2, halafu densiti(P) iwe inasoma jedwali hilo kwa logi za pande zote mbili. Usisome namba zenyewe bila logi: P inapanda mara mabilioni kati ya gamba na kitovu, na mstari ulionyooka kati ya nukta mbili za namna hiyo ni uongo mtupu. Usishuke chini ya x = 0.001 pia, kwa sababu hapo unatoa namba mbili zinazokaribia kufanana na kompyuta inapoteza desimali zake. Na ikitokea P imekuwa hasi kwenye hatua ya mwisho, rudisha densiti sifuri.

Chora tungamo dhidi ya kanieneo ya kitovuni. Mstari utapanda, utafika kileleni x ya kitovuni ikiwa karibu 0.8, halafu utateremka. Kilele ni karibu 0.7 ya tungamo la Jua. Ukiipata namba hiyo umerudia kwa jioni moja kazi ya Oppenheimer na Volkoff ya 1939.

Shida ni kwamba anga halikubaliani nayo. Jozi ya nyota ambayo Russell Hulse na Joseph Taylor waliigundua mwaka 1974 ina pulsa (nyota ya nyutroni inayozunguka na kutuma mapigo ya redio) yenye tungamo la Jua 1.44, mara mbili ya kikomo hicho. Hesabu haikukosewa, kilichokosewa ni mlinganyo wa hali. Nyutroni zikisogeleana sana husukumana kwa nguvu ya nyuklia, na msukumo huo ndio unaobeba sehemu kubwa ya mzigo. Kila ninapoona mtu anajivunia mchoro mzuri wa nyota bila kueleza kilichomo ndani yake, huwa nakumbuka hiyo 0.7.

Hatua ya 6: Weka jedwali la kweli

Hifadhi iitwayo CompOSE inatoa bure majedwali ya milinganyo ya hali. Kwa kuanzia chukua lile liitwalo SLy au liitwalo APR. SLy inakupa kilele cha karibu 2.05, na nyota ya 1.4 yenye nusukipenyo cha kilomita 11.7 hivi; APR inafika karibu 2.2. Ukipata namba zinazokaribia hizo, endelea.

Kabla ya kuamini jedwali lolote, lipitishe kwenye vizingiti viwili. Kanieneo isipungue densiti inapoongezeka. Na mteremko wa P dhidi ya ε usivuke 1, maana huo ndio mraba wa kasi ya sauti ikilinganishwa na nuru, na hakuna sauti inayokimbia kuliko nuru. Hakikisha pia gamba limo. Jedwali la sehemu ya ndani ya nyota peke yake halijui nyota inaishia wapi, na nusukipenyo chako kitakosea huku tungamo likionekana safi kabisa, kosa ambalo ni gumu kulikamata.

Hatua ya 7: Ingia kwenye nyota ngeni

Arnold Bodmer mwaka 1971, na Edward Witten mwaka 1984, waliuliza swali la kuudhi: vipi kama nyutroni si mwisho wa mambo? Huenda mchanganyiko wa kwaki za juu, za chini na za ajabu ndio hali tulivu kuliko zote, na nyota nzima ikawa ya kwaki. Mfano rahisi kabisa wa hali hiyo unaitwa mfuko wa MIT, na hauhitaji jedwali, ila namba moja tu, B, yaani kanieneo ya mfuko unaozibana kwaki, kwa MeV/fm³:

```
B = 57.5
def mfuko(P):
    return 3*P + 4*B*K
```

Weka Pc (kanieneo ya kitovuni) ya 290 hivi. Utapata karibu tungamo la Jua 2.0 na kilomita 10.9, na hicho ndicho kilele. Kisha fanya jaribio ninalolipenda kuliko yote: zidisha B mara nne, zidisha na Pc mara nne. Tungamo na nusukipenyo lazima vyote viwe nusu ya mwanzo. Visipokuwa nusu, kuna mdudu kwenye programu.

Tazama tofauti ya tabia. Nyota ya nyutroni inashikwa na uvutano, kwa hiyo ndogo huwa pana, na ukaribiapo kilele huwa inasinyaa kadiri inavyoongezewa tungamo. Nyota ya kwaki inajishika yenyewe kama tone la maji: densiti yake kwenye uso si sifuri bali 4B, inakatika ghafla, na ndogo zake ni ndogo kwelikweli, tungamo likienda sambamba na r³.

Lakini mfuko huu una finyo lake. Ili kwaki tatu ziwe tulivu na viini vya kawaida visiyeyuke, B inatakiwa iwe kati ya takriban 57 na 90 na kitu. Weka B ya 90 uone: kilele kinashuka hadi karibu 1.6. Ni ukingo wa chini tu unaogusa 2. Wanaotaka nyota za kwaki zenye tungamo kubwa wanalazimika kuongeza msukumo kati ya kwaki, na kila nyongeza inakuja na namba mpya ya kuchagua. Nyota zenye haiperoni, chembe nzito jamaa wa nyutroni, zina ugonjwa huo huo: haiperoni zinailegeza nyota na kilele kinaanguka.

Kuna njia nyingine utakayokutana nayo sana kwenye machapisho ya nyota ngeni. Mwandishi anaanza na umbo la anga-wakati alilolichagua kwa sababu linatatulika kwa kalamu, kisha anasoma densiti na kanieneo zinazotoka, mara nyingi akiruhusu kanieneo ya pembeni (Pₜ) itofautiane na ya kwenda nje (P). Kwenye programu yako hiyo ni kuongeza tu 2(Pₜ − P)/r kwenye dP. Ni mazoezi mazuri ya hesabu. Kama fizikia, naipokea kwa tahadhari: aliyeanza na jibu akarudi nyuma kutafuta swali hatakosa swali. Muulize ni chembe gani inayotoa kanieneo hiyo.

Hatua ya 8: Chora ukoo mzima, ulinganishe na anga

Zungusha Pc kutoka 5 hadi 1000 MeV/fm³, kila nyota iwe nukta moja: R kwenye mhimili wa chini, M kwenye wa pembeni. Nukta zilizo baada ya kilele zifute. Hizo ni nyota ambazo ukiziongezea densiti ya kitovuni zinapungua tungamo, na kitu cha namna hiyo kikiguswa kidogo huporomoka.

Sasa mwaga vipimo vya anga juu ya mchoro. Kwa miaka mingi vilikuwa haba, na sehemu ya mwanzo wake ilipita kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza anga kwa eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Ndiyo iliyoonyesha kwamba Centaurus X-3 inapwita kila baada ya sekunde 4.8 huku ikizunguka nyota nyingine, yaani nyota ya nyutroni inayomnyonya jirani yake. Jozi za namna hiyo ndizo zinazoruhusu nyota hizi kupimwa tungamo.

Leo mstari mkali kuliko yote ni pulsa J0740+6620, yenye tungamo la 2.08 pamoja au pungufu ya 0.07. Mlinganyo wa hali ambao kilele chake hakifiki 2, hata uwe mzuri kiasi gani, weka kando. Kwa nusukipenyo, darubini NICER iliyo kwenye Kituo cha Anga cha Kimataifa imeipima pulsa hiyo hiyo, na makundi mawili ya wachambuzi yakapata kilomita 12.4 na 13.7, kila moja likiwa na mashaka ya kilomita moja au zaidi. Halafu kuna mgongano wa nyota mbili uliosikika kwa mawimbi ya uvutano tarehe 17 Agosti 2017. Huo ulionyesha kwamba nyota ya 1.4 haivutiki kama unga wa chapati: namba yake ya kuvutika, Λ, ilikadiriwa kuwa chini ya 800, kwa hiyo nyota zilizovimba sana nazo zikatolewa.

Λ ndiyo kazi ya kufuata. Inahitaji mlinganyo mmoja zaidi uende sambamba na ile miwili ndani ya kitanzi kile kile. Ukiifanyia nyota ya kwaki, kumbuka ule mkatiko wa ghafla wa densiti kwenye uso: lazima uuongezee sahihisho lake pale r inapofika R, la sivyo Λ itatoka ndogo mno na utadhani umegundua kitu.